Yakuti Isiyo na Uchafu

Nyumbani kwetu Pongwe, miaka ya hamsini, bibi yangu alikuwa na sheria ya ndoa ambayo hakuna shehe aliyemfundisha. Anayeposa alete pete ya yakuti, na yakuti hiyo ilinganishwe na yake. Mleta jiwe la uongo, alisema, ana ulimi wa uongo. Ya kwake alivishwa na babu siku ya harusi yao, nyekundu, safi, haina hata doa, na haikuwahi kutoka kidoleni.

Shangazi yangu alikuwa amempenda mtu wa Pemba, mkulima wa karafuu, mpole mpaka unamwonea huruma. Pete yake ilipofika, bibi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha akaguna. Ndani ya jiwe mlikuwa na vinyuzi na kiwingu kama maji ya mchele.

"Hiki kigae cha chupa," akasema. "Mwanangu haolewi kwa kigae."

Shangazi akaangua kilio. Wanawake wa nyumba, kwa kumhurumia, wakaamua kupima. Kwanza uzi: unauzungushia jiwe, unaubana, kisha unaugusisha kaa la moto. Jiwe la kweli haliachi uzi uungue. Uzi wa Mpemba haukuungua, na wa bibi nao haukuungua. Ikaja zamu ya vioo, maana jiwe la kweli hukwaruza kioo. Hapo ndipo akili zilipotuhama. Tulikwaruza chemni ya taa, tukakwaruza kioo cha kabati, na jirani akaleta kioo chake cha kujitazamia ili asipitwe. Bibi alikwaruza kwa ngumi, kwa kuwa pete yake haikuvuka kifundo cha kidole. Mwishowe babu alivuliwa miwani usoni. Mawe yote mawili yalikwaruza vizuri kabisa, na tangu siku hiyo babu akawa anaona kila mtu ana kovu.

Ikabidi twende mjini kwa sonara, mtu wa majivuno aliyezungumza na wateja kama anawapa sadaka. Alikipaka kidole cha bibi mafuta ya nazi, akaivua pete, akayatazama mawe kwa kioo chake cha kukuzia, akacheka peke yake.

"Yote mawili ni yakuti," akasema. "Ugumu mmoja, rangi moja, ndiyo maana uzi na vioo havikuwafaa kitu. Ila moja imekua ardhini, na cha ardhini hukua na uchafu wake. Ndiyo hii yenye vinyuzi. Hii safi imepikwa kiwandani, Ulaya. Tazameni, ina mistari ya kupinda kama ya santuri, na mapovu."

Safi ilikuwa ya bibi.

Nilidhani bibi atamtukana sonara. Lakini tulipofika nyumbani alijifunika ushungi, akamrushia babu pete, akamwambia atoke chumbani kwa kuwa yeye hana mume. Babu akahamia barazani na mkeka wake. Harusi ya shangazi nayo ikasimama, kwani bibi alisema mwanamke ambaye hajaolewa hawezi kupokea posa ya mtu. Nilimkasirikia kwelikweli. Shangazi alikuwa amekonda, na kosa halikuwa lake.

Babu hakuwa na la kufanya ila kutuma mshenga. Wazee wenzake walikuwa wakicheka mno, hawakufaa kazi hiyo. Akamtuma yule Mpemba. Basi akaja na kanzu yake iliyopigwa pasi, akaketi mbele ya mkwe wake kumposea mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta jiwe gani?"

"Lile lile, mama. La kiwandani." Jasho lilikuwa likimtiririka. "Baba asema alilinunua Unguja, na muuzaji alimwambia kuwa ni la kiwandani. Hakuwa na uwezo wa jingine. Aliogopa ukijua utamkataa."

Mlangoni, shangazi alikuwa ameling'ang'ania pazia kwa mikono miwili.

"Kumbe miaka yote hii," bibi akasema taratibu, "mimi nawatambia watu, mwenzangu yuaogopa."

Akanyoosha kidole. Mpemba hakuthubutu kuugusa mkono wa mama mkwe, kwa hiyo akaitwa babu aje na chupa ya mafuta ya nazi. Alikuja mbio, miwani yake imekwaruzika, akaanza kuisukuma pete.

"Polepole," bibi akamwambia. "Na ukimaliza, mwambie kijana huyu alete washenga wake."