Roho Nzuri Haichanji Mtoto

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, wewe ukiwa mgongoni kwangu, niliposimama katikati ya zahanati nikamwambia Sista Pamela mbele ya akina mama wote: "Roho yako nzuri haichanji mtoto!" Mama mmoja akasema chinichini, "Wololo! Huyu nyar Migori ana mdomo." Ndivyo wanavyoniita huku Mbita, binti wa Migori, kwa kuwa niliolewa kutoka huko. Sikujali. Nilikuwa nimechoka.

Usidhani Sista Pamela, muuguzi wetu, ni mtu mbaya. Anapenda watoto kupita kiasi. Anawaimbia akiwapima uzito, anawapa majina ya utani. Wewe alikuita Kamongo, yule samaki wa matope, kwa vile ulivyokuwa ukimteleza mikononi. "Hii kazi ni wito," anapenda kusema, na sisi tunaitikia amina. Shida ni kwamba siku ambayo moyo wake haujaamka, kazi nayo hulala. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo nilifika na jirani yangu, kila mmoja na mtoto wake, tukaambiwa sista amejifungia chumbani analia, mgonjwa wake amekufa. Tulimwonea huruma, kweli. Tukarudi nyumbani na watoto bila chanjo.

Sasa ujue chanjo ya surua ilivyo. Chupa moja inatosha watoto kadhaa, kwa hivyo haifunguliwi mpaka mfike wa kutosha. Ikishachanganywa haikai, saa chache tu, halafu inatupwa. Jumatano hiyo tulitosha. Sista akaichanganya, tukajipanga. Hapo simu yake ikalia: mama mmoja wa kijiji cha pili amefiwa na mumewe. Sista akafunga leso, akasema, "Ngojeni kidogo, siwezi kumwacha peke yake," akapanda boda akaenda. Nani angemzuia? Huku kwetu ukimzuia mtu kwenda kwenye kilio, utasemwa mpaka uzeeke.

Alikaa huko, akaimba na wafiwa, akalia nao. Alirudi jua limeshuka, macho mekundu, akaitazama ile chupa, akaitupa. "Poleni, mama zangu. Mrudi Jumatano ijayo."

Na siku hiyo, mwanangu, jirani yangu hakuwa nasi kwenye benchi. Mtoto wake alikuwa nyumbani, vipele mwili mzima, macho hayafunguki. Surua. Ndiyo maana nilipasuka.

"Nyar Migori, huna huruma?" sista akaniuliza. "Mtu amefiwa!"

"Ninayo, sista. Ungetuchanjia watoto kwanza, halafu uende ulie mpaka ukauke!"

Wiki iliyofuata Sista Pamela alikuwa likizo, akaletwa Sista Boke, Mkuria wa Ntimaru. Huyo hana tabasamu hata la kuazima. Alikuwa amemtuma mhudumu wa afya wa kijiji atukusanye mapema. Akakugusa paji la uso, akauliza kama unakohoa, akakuchanja, akaniambia joto likizidi nisingoje. Hakukuimbia. Jina lako alilisoma kwenye kadi tu.

Nikamchokoza: "Sista, na wewe unaipenda kazi hii?"

"Siku zingine," akasema, bila kuinua kichwa. "Shika mkono wa mtoto. Anayefuata!"

Nilitoka nikicheka, kisha machozi yakanitoka njiani. Sijui kwa nini. Labda ni uchovu.

Mimi nimeishia kidato cha nne na nauza chapati stendi, kwa hivyo mashauri yangu ni ya mtu wa unga. Sijawahi kuamka alfajiri nikaupenda ule unga. Naukanda kwa sababu kuna watu watashuka kwenye gari na njaa. Kuna asubuhi mapenzi huja yenyewe, mikono ikishapata moto, na siku hiyo chapati hata mimi nazisifu. Yasipokuja, wateja wanakula vilevile. Utakapopata kazi watakuambia ufuate moyo wako. Ufuate ukipenda. Lakini kwanza uangalie ni nani amekaa kwenye benchi anakungoja, umalizane naye, au umwachie mwenzako anayeweza. Mungu akupe kazi utakayoipenda, mwanangu, na siku itakapokuchosha akupe mikono inayojua la kufanya. Akuweke salama, usiugue kwa sababu ya huzuni ya mtu mwingine.

Niliposema nitamshtaki Sista Pamela, nyanya yako aliniuliza, "Utamshtakije mtu aliyetulilia wafu wetu?" Halafu nikaenda kwa jirani, nikamwona mtoto. Amepona, lakini sikio moja halisikii, na mama yake anamwita kwa kupiga makofi. Siku hiyohiyo nikapeleka malalamiko yangu ofisi ya afya. Niliandika hivi:

"Simlalamikii Sista Pamela kwa kukosa upendo. Anao mwingi. Nalalamika kwa sababu alifungua chupa ya chanjo tukiwa tumekaa, akaondoka bila kumwachia mtu, na chanjo ikaharibika. Kabla ya hapo tulirudishwa nyumbani bila kuhudumiwa, na mtoto mmoja kati ya waliorudishwa akaugua surua. Sitaki afukuzwe. Nataka iwe amri kwamba chupa ikifunguliwa, muuguzi haondoki mpaka mtoto wa mwisho achanjwe. Jina langu sijalificha. Naomba jibu."