Viti Vitupu vya Jumatatu

Jumatatu ya sikukuu, viwanda vikiwa vimefungwa, kanisa letu la wahamiaji hapa Louisville lilitembea mtoni kwa meli ya kale ya mvuke, inayosukumwa na gurudumu kubwa la nyuma. Mama mmoja wa Uvira alifika kwenye viti vitupu, akakunja magoti kidogo, kama tunavyofanya kwetu kabla ya kukaa penye wakubwa.

"Jambo yenu, bamama."

Kisha akatugeukia. "Bon, tutafute pengine. Hapa kuko batu."

Tulicheka, maana hatukuona mtu hata mmoja, hadi mwongoza wageni alipoeleza kwamba zamani, kwenye meli kama hii, watu weusi walipangiwa siku moja tu kwa juma ya kupanda: Jumatatu.

"Na nani alibaambia safari iliisha?" mama akauliza.

Sisi ni walokole, mizimu hatuiamini. Ila kanisa zima lilirudi gatini limesimama.