Hamira Kooni

Naoka mikate hapa Uvira, na wiki hii watu sokoni wananicheka. Acha nieleze mwenyewe kilichotokea.

Koo liliniuma siku nyingi, na ulimi ukawa mweupe. Muuguzi wa kituo cha afya akanimulika kwa tochi, akasema, "Mama, uko na levure mu koo." Akanipa dawa.

Levure ninayoijua ni hamira, ile ninayotia kwenye unga kila asubuhi. Njiani nilijiuliza: niliivuta puani? Imeumuka kooni kama kwenye unga? Nikamwaga unga wote niliokuwa nimeukanda. Jumapili, nje ya kanisa, nikawaonya watu wasile mkate wa mtu yeyote. Mama Neema, muoka mikate mwenzangu, alikuwa hapo akinisikia.

Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwa muuguzi yule. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimeacha kuoka.

"Kuoka?" akauliza. "Hii levure si ya mukate. Ni kidudu kinachokaa mu kinywa cha muntu hata mzima, na kikipata nafasi kinaongezeka. Weye unatumia pompe ya asma?"

Nikakubali. Pumu ninayo tangu utoto, na dawa yake naivuta kwa kipulizio kila siku.

"Ukimaliza kuivuta, unasukutua kinywa na maji, dawa isibaki mu kinywa ikakipa kile kidudu nafasi?"

Sikujua kwamba inatakiwa.

Mama Neema ndiye aliyesema, polepole: "Mikate yangu imelala tangu jana bila mnunuzi. Jumapili utasimama pale pale, uwaambie watu ugonjwa ulitoka wapi."