Kunde za Kwenye Jivu

Iko siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, kila mawingu ya mvua yanapokusanyika. Nilikuwa nimeolewa Tawa, mwaka haujaisha. Mume wangu alikuwa kibarua Mombasa, na kwa miezi mitatu sikuwa nimeona barua yake. Nilikuwa situlii. Nikiketi nasimama, nikifagia naacha ufagio nikachungulie barabara.

Asubuhi hiyo upepo wa mvua ulianza kuvuma. Mama mkwe akaenda kunoa jembe kwa jirani, akaniachia kazi ya kuchemsha isyo, yaani mahindi na kunde pamoja. Nikachukua kibuyu kilichokuwa karibu. Kunde zake zilikuwa na jivu. Nikaziosha maji matatu, nami kichwani naandika barua ya kwenda Mombasa, tena ya matusi. Nikabandika sufuria.

Kwetu mbegu huwekwa kwenye jivu ili wadudu wasizile. Hata mtoto anajua. Kunde za kula zilikuwa kwenye debe, hatua moja tu kutoka hapo. Na kwa ukame uliokuwa umetupiga, hatukuwa na mbegu nyingine.

Mama mkwe alirudi, akafunua sufuria, akaangalia kibuyu. Akaketi chini.

"Jivu uliliona?"

"Niliona, mama."

"Na ukaosha?"

"Mara tatu."

"Mikono ilikuwa hapa. Wewe ulikuwa wapi?"

Akanituma kwa mama yangu Kikima, kwa miguu, nikaombe mbegu. Mvua ikanipata njiani, na kila shamba nililopita watu walikuwa wanapanda. Sisi tulipanda siku nne nyuma yao. Kunde zetu zilipotoa maua, mvua ikakatika. Hatukuvuna kitu.

Umeniambia kwamba kanisani mlifanyiwa semina juu ya kuwa makini. Mimi nilifundishwa na sufuria. Sikukatazi kuwaza, mimi mwenyewe hadi leo ni mtu wa wasiwasi. Lakini moyo ukikusumbua, weka kazi chini, uwaze umalize, ndipo uishike tena. Na usiangalie vitu tu, angalia watu. Mwaka ule wa njaa mama mkwe alinisogezea sahani yake mara nyingi, akisema ameshiba. Nilikula. Sikuwahi kumtazama usoni nione kama ni kweli, na sasa hayupo.

Mungu akutunze, mwanangu, akujalie kuwaona wako wangali hai.