Ukuta Wenye Mabaka Mawili

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tulipokuwa tumehamia mtaa wa Jamhuri, hapa Nairobi, na nyumba bado inanuka sabuni ya kusugua sakafu. Baba na Mama walisimama mbele ya ukuta wa sebuleni, kila mmoja na kopo lake dogo la rangi, wakicheka. Nataka ujue hilo kwanza, kwamba walikuwa wakicheka. Haya mengine yalikuja baadaye.

Nakuita mwanangu na wewe bado hujazaliwa. Mimi mwenyewe niko kidato cha tatu, na mtu akinisalimia njiani huwa namjibu akishapita. Lakini nimeona watu wazima wakisahau haraka, hata mambo yaliyowaumiza. Ndiyo maana nakuandikia sasa kabla sijawa kama wao, ili siku utakapokuwa na nyumba yako na mtu wako usiseme hakuna aliyekuambia.

Kabla ya Jamhuri tuliishi chumba kimoja chenye pazia katikati. Kwa hivyo nyumba yenye sebule ilikuwa kitu kikubwa kwetu. Mwenye nyumba alisema tupake rangi tunayotaka, mradi siku ya kuhama turudishe rangi yake ya krimu. Mama hushona sare za shule pale Dagoretti Corner, na alikuwa ameona kwa mteja wake mmoja ukuta mmoja umepakwa rangi kali, kuta tatu zilizobaki zikaachwa. Wakakubaliana na Baba kwamba na sisi tutafanya hivyo, ule ukuta wa nyuma ya televisheni. Lakini kuhusu rangi yenyewe hawakukubaliana. Baba alirudi na nyekundu, ile nyekundu nzito ya matofali. Mama alirudi na manjano. Wakapaka kila mtu baka lake, moja huku, moja kule, waone zikikauka zitakuwaje.

"Unataka tukae ndani ya buchari ya nyama?" Mama akauliza.

"Heri buchari. Wewe unataka tukae ndani ya basi ya shule. Mgeni akiingia ataulizwa yuko darasa gani."

"Basi ya shule angalau inafikisha watoto mahali."

"Na buchari inawalisha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Sijacheka hivyo tena kwa ile nyumba.

Nyekundu ilipokauka, Mama aliacha utani. Nilimwona. Aliitazama, akaingia jikoni, na tangu siku hiyo akawa akipita sebuleni anaangalia upande wa dirisha. Baba alidhani anamdharau. Akitoka kazini mjini, hata kabla ya kuvua viatu vya ofisi, anachukua brashi na kuongeza baka lake kidogo, kama mtu anayesukuma mpaka wa shamba. Asubuhi akishatoka, Mama naye anaongeza lake. Makochi yalikaa katikati ya nyumba yamefunikwa magazeti, televisheni juu ya katoni. Zamu yetu ya kupokea ibada ya nyumbani ya kanisa ilipofika, Mama aliomba tupitwe, akasema bado tunapanga vitu.

Na maneno yao yakawa mafupi.

"Hiyo rangi ni mbaya, Baba Nekesa."

"Mbaya kivipi?"

"Mbaya tu."

"Basi mimi naona ni nzuri."

"Nzuri kivipi?"

"Nzuri tu."

Nilikuwa nasikia hiyo "tu" nikiwa chumbani na vitabu vyangu. Mtu akisema "tu" amekufungia mlango, na wao walikuwa wawili, kila mmoja amejifungia wake.

Sababu ya Mama niliijua mimi. Alinieleza siku moja kwa kibanda chake, nikimshonea vifungo, bila mimi kuuliza. Unajua Mama amezaliwa huko Dagoretti yenyewe, mbali na hiyo Corner anakoshona, kwao ni karibu na vichinjio. Akiwa mdogo, njia ya kwenda kanisani ilipita chini ya kichinjio kimoja, na wakiosha sakafu yale maji yalikuwa yanateremka kwenye mtaro kando ya njia. Jumapili moja alikuwa amevaa gauni jeupe, anaenda kusema shairi mbele ya watu. Akateleza akaanguka ndani ya mtaro. Mamake akasema hakuna gauni lingine, nenda. Akaenda. Akasimama mbele ya kanisa zima akasema shairi lake mpaka mwisho, na gauni liko vile.

"Wakaniita Damu," akasema. "Mpaka nikamaliza darasa la nane. Kuna mwanamume mmoja pale stendi hadi leo akiniona anataka kuniita hivyo."

"Si umwambie Baba?"

"Baba yako na vile anapenda utani? Ataanza kuniita hivyo na yeye. Shona hiyo kifungo vizuri, inakaa kama jicho la mlevi."

Basi nikaendelea na vifungo. Nilijiambia si siri yangu.

Halafu Kukhu akaja. Huyo ni mamake Baba, anaishi Bungoma, alikuwa ameletwa Nairobi kuangaliwa macho. Baba na Mama walikuwa kazini na mimi ilikuwa likizo, kwa hivyo tulibaki wawili. Macho yake hayaoni vizuri lakini alienda moja kwa moja mpaka kwa ukuta, akaweka kiganja chake juu ya baka jekundu.

"Hii imetoka kwangu," akasema.

Nikamwambia hapana Kukhu, imetoka dukani. Akanicheka. Akakaa juu ya magazeti akanieleza. Kwao, mwanamke ndiye anasiriba nyumba kila Krismasi, anaipaka udongo na kuirembesha, na udongo mzuri mwekundu ulikuwa unachimbwa kule chini mtoni. Mabinti ndio huuleta. Yeye hakupata binti. Alikuwa na Baba yangu peke yake. Basi Baba akawa anateremka na karai mapema kabla wenzake hawajaamka, anapanda nalo kichwani, halafu anamsaidia kupaka, mikono myekundu mpaka kwa viwiko.

"Wakamjua," Kukhu akasema. "Wavulana wakamwita msichana wa mama yake. Alilia. Lakini Krismasi ikifika, karai liko mlangoni." Akaugusa ukuta tena. "Na mzee wangu, miaka yote hiyo, hajawahi kusema hata umepaka vizuri, ama umepaka vibaya. Mtoto ndiye alikuwa ananiambia."

Ona sasa, mwanangu, mahali nilipokuwa. Mimi mtoto wa shule, ambaye darasani najibu maswali kichwani mwangu na kungoja mwingine anyanyue mkono, ndimi peke yangu niliyejua sababu zote mbili.

Jioni tulipokaa kula, Kukhu alisukuma sahani yake kando.

"Wafula. Na wewe Mama Nekesa. Mimi nimelala kwa nyumba ambayo viti vinaogopa ukuta. Hiyo ni nini?"

Baba akacheka kidogo. "Ni kutokubaliana kidogo, Mama. Itaisha."

"Mimi nilipaka ukuta maisha yangu yote na hakukuwa na mtu wa kubishana na mimi. Ungejua vile nilitaka mtu aseme hata ni mbaya. Nyinyi mmepata mtu anaangalia ukuta wako, halafu unamficha kile unaona." Akamgeukia Baba. "Mwambie mke wako hiyo nyekundu ni ya wapi."

Tukangoja wote. Mama aliacha kutafuna. Alimtazama Baba, na nakuapia, mwanangu, alikuwa tayari. Uso wake ulikuwa umefunguka. Kama Baba angesema, na yeye angesema.

Baba alikata ugali, akauviringa kwa vidole, akauviringa tena.

"Ni rangi tu, Mama," akasema.

Mimi nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni. Mtoni, karai, gauni, mtaro. Nikachukua bakuli la mboga nikaenda kuongeza jikoni, na bakuli lilikuwa bado limejaa.

Niliporudi Baba alikuwa anasema kwa sauti ya upole, ile sauti yake ya ofisini, "Mama Nekesa, Mama amesema ukweli, tumekuwa watoto. Wewe amua unavyotaka. Mimi niko sawa."

Kila mtu akafikiri imeisha, Mama pia. Ni Kukhu tu ambaye hakufikiri hivyo, na asubuhi akiondoka alinishika mkono akasema, "Heri walivyokuwa wanabishana." Sikuelewa.

Jumamosi iliyofuata Mama alipaka ule ukuta peke yake, kutoka juu mpaka chini. Nyekundu ilikataa kufunikwa, akarudia, akarudia tena. Ilipokauka ilikuwa nzuri, siwezi kukudanganya. Jua la saa kumi likiingia nyumba nzima ilikuwa inawaka. Baba aliporudi alisimama mlangoni.

"Imetoka vizuri," akasema, vile mtu husifu nyumba ya mtu mwingine. Akapita akaenda chumbani.

Hakukaa sebuleni tena. Alianza kula chumbani, kwamba mgongo unamuuma. Halafu kazi ikazidi. Halafu akawa anarudi ameshakula. Hakuna siku walipiga kelele. Wangepiga kelele ningejua tuko wapi. Siku tulipofunga shule muhula wa pili, nilirudi nikakuta upande wake wa kabati uko wazi, hanga zimening'inia bila kitu, na Mama anakunja nguo za watu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Watu wa kanisa wanasema lazima kuna mwanamke. Wengine wanasema mtu haachi nyumba kwa sababu ya rangi. Hilo la pili ni kweli, lakini hawajui hizo rangi zilitoka wapi. Hakuna mwanamke. Nilienda kwake nikaona: sufuria moja, kikombe kimoja, kitanda cha kulala mtu mmoja.

Alikokwenda ni huko Dagoretti. Amepanga chumba nyuma ya vichinjio kwa sababu alipata kwa haraka, na ukifungua dirisha unaona ule mtaro. Yeye hajui habari ya gauni. Mama aliposikia ni wapi aliketi juu ya kiti cha cherehani, akasema polepole, "Angeenda mahali pengine popote ningemfuata."

Hayo ndiyo niliyobeba siku niliyomtembelea. Njiani nilijifunza maneno kama mtu anayeenda kusema shairi. Baba, Mama hawezi kupita hapa, na sababu ni hii. Baba, na wewe mweleze habari ya karai. Ni hayo tu, hata dakika tano hayamalizi.

Baba alifurahi. Alinitengenezea chai, akanipa kikombe, yeye akanywea kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Kuta zake zilikuwa saruji tupu, kijivu kila upande. Tukakaa tukizitazama kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Nekesa," akaniambia, "nifanyie kazi. Tupake rangi gani hapa?"

Aliuliza kwa dhati, mwanangu. Alikuwa ameinama mbele kidogo, na kile kifuniko mikononi. Tangu nizaliwe hajawahi kunifungulia mlango mpana hivyo. Maneno yangu yote yalikuwa pale. Na nikaona aibu. Nikaona kama nitawavua nguo wote wawili.

"Wewe amua tu, Baba," nikasema.

Akatazama ukuta, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Sawa," akasema.

Nilitembea mpaka barabarani nikiisikia hiyo "tu" yangu. Hapo ndipo nilipomwelewa Kukhu. Nilikuwa nikiwalaumu wazazi wangu mwaka mzima, kumbe wamenifundisha na nimeiva.

Sijarudi tena huko, na Mama haendi. Ule ukuta wa manjano bado upo, Mama hukaa ameupa mgongo akishona. Nasikia mwenye nyumba anataka nyumba yake, kwa hivyo mtu ataupaka krimu, na ndani ya asubuhi moja hakuna atakayejua tulibishana. Nimejaribu kuona mahali pa kuanzia na sioni. Labda wewe ukisoma haya mambo yatakuwa yamegeuka. Mimi leo siwezi kukuahidi.

Ninachoweza ni kukuambia, na nakuambia waziwazi. Siku utakaposimama na mtu wako mbele ya ukuta, naye akataka rangi ambayo macho yako hayaiwezi, usibishane juu ya rangi. Mwambie ulikoitoa yako, hata kama ni mahali ulipochekwa, hasa kama ni mahali ulipochekwa. Kisha muulize alikotoa yake na ungoje, hata ugali upoe. Akikuambia amua unavyotaka, usishike brashi. Weka chini, hujashinda, ameshaanza kuondoka. Na ukijua jambo linaloweza kuwasaidia wawili unaowapenda, usiende jikoni na bakuli lililojaa.

Mungu akupe mdomo mwepesi kuliko wangu, mwanangu. Akupe nyumba yenye kelele. Akupe mtu wa kukuambia ni mbaya na kukaa pale pale akueleze kwa nini. Na siku ukinikuta mimi mzee nimesimama mbele ya ukuta nakuambia ni rangi tu, usiniamini. Vuta kiti, ukae, uniulize tena.