Wimbo wa Abdub na Ngamia wa Dirishani

"Mtoe huyo ngamia kwanza, ndio tuongee!"

Mwalimu Makandi alikuwa amepanda juu ya gunia la maharagwe, daftari limekumbatiwa kifuani, kama mtu aliyezingirwa na mafuriko. Dirishani, pale ghalani kwa Mwirigi, mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, kulikuwa na kichwa cha ngamia jike mzee. Shingo ilikuwa imeingia yote, mwili umebaki nje, na mdomo ulikuwa unatafuna kitu ambacho dakika mbili zilizopita kilikuwa kofia ya Mwirigi.

"Nimtoe namna gani, Mwalimu?" Abdub akasema, gitaa mapajani. "Mimi sikumwita."

"Hukumwita! Jumapili iliyopita ulipiga huu wimbo wako, wakaja mbuzi kumi na mmoja na ngamia wawili. Jumapili ile nyingine wakaja ngamia saba, wakaziba njia mpaka maiti ikapitishwa upande wa posho mill, kule kwenye kinu cha unga. Leo umegusa nyuzi mara mbili tu, huyu hapa. Kwani ngamia wanaujua vipi wimbo uliotunga mwezi jana?"

"Wanapenda muziki mzuri."

"Kwa hivyo wangu ni mbaya?" Mwirigi akauliza. Aliuliza polepole, kwa maana kofia ilikuwa mpya na ghala ni lake.

Hawa watatu walikuwa na kikundi chao cha gitaa, na kila Jumapili baada ya sala ya alasiri walikutana hapo kati ya magunia. Mwirigi, muuza miraa, ndiye aliyekuwa na gitaa la dukani, lenye rangi ya kung'aa. Mwalimu Makandi, mstaafu, alikuwa na sauti ya kwaya na daftari la sheria. Na Abdub, mziba pancha za bodaboda pale stendi, alikuwa na gitaa alilojiundia mwenyewe kwa mtungi wa mafuta ya kupikia na waya za breki.

Gitaa hilo usilicheke. Siku moja uzi wake wa chini ulikatika kwa kishindo, ukaruka nje ya mlango, ukamkata shingo kuku aliyekuwa anapita na shughuli zake. Kuku akafa bila bismillahi. Abdub akamtazama kwa uchungu wa mtu mwenye njaa na dini kwa pamoja, halafu Mwalimu Makandi akamchukua kwa mguu, akaenda naye nyumbani akimshukuru Mungu.

Na sauti ya Abdub je? Mama yake alikuwa akisema kwamba alipozaliwa alilia mara moja tu, na lori la mbuzi lililokuwa likienda Garbatulla likasimama, dereva akidhani amepigiwa honi na trela. Sauti alikuwa nayo. Vidole pia alikuwa navyo, ingawa vilikuwa vinene kama ndizi za Meru, na kila kimoja kiligusa nyuzi mbili hata kikitaka moja. Kitu alichokosa Abdub ni wimbo. Miaka tisa katika kikundi, wimbo hana. Mwirigi ametunga ishirini na mbili, zote za miraa. Mwalimu ametunga sita, tano za kuonya vijana na mmoja wa kumsema jirani. Abdub alikaa, akapiga zile kodi zake tatu za gitaa, akasema ya nne atajifunza mvua ikinyesha.

Halafu mwezi jana akaja na wimbo. Mzima! Ulipanda, ukashuka, ukazunguka, ukarudi palepale ulipoanzia kama mtu aliyesahau funguo. Mwirigi alisimama kucheza bila kujijua. Mwalimu akaandika kwenye daftari: "Sagal Njoo, utunzi wa Abdub." Sagal ni mke wa Abdub, wa ndoa ya miaka kumi na tisa. Na Jumamosi ijayo Karwitha, binti wa dada yake Mwirigi, anaolewa, na kikundi kimealikwa kupiga, mara ya kwanza tangu dunia iumbwe mtu kuwaalika. Msema chochote atasoma majina ya watunzi kwa kipaza sauti. Sagal ameambiwa. Ameshashona dira, gauni pana la sherehe. Ameshawaambia majirani wote, na wale ambao si majirani amewafuata makwao akawaambia.

Ndiyo maana Abdub alikuwa anatokwa na jasho hata chini ya visigino.

"Tufanye majaribio," Mwirigi akasema. "Mimi nipige wangu."

Akapiga ule wa miraa, aliouita wa kwanza kwa uzuri, akafumba macho mpaka mwisho. Ngamia akamtazama vile mama mkwe anavyomtazama mkwe asiye na kazi. Akaendelea na kofia.

"Sasa mimi," Mwalimu akasema. Akashuka guniani, akavuta pumzi, akaimba ubeti mmoja wa kuonya vijana. Ngamia akatoa kichwa nje.

"Umeona? Ametoka!"

"Ametoka kwa sababu umemwonya," Mwirigi akasema.

"Nyamaza. Abdub, sasa wewe. Piga yote, kwa nguvu. Usinipigie kama mtu anayekuna mgongo."

"Mwalimu wangu, mkono unaniuma."

"Mkono unauma? Asubuhi umefungua gurudumu la lori, nimekuona kwa macho yangu. Piga, Baba Nimo."

Kukataa ni kukiri. Abdub akalishika gitaa la mtungi, akaomba kimoyomoyo ngamia wote wa Isiolo wapatwe na uziwi, akaanza:

Sagal njoo, Sagal njoo,
hatua zako pole, shingo yako ndefu,
njoo unywe ushibe, nafasi iko,
waliotangulia wamekupisha.

Akiwa hajamaliza, kichwa kikarudi dirishani. Kingine kikaingia chini yake. Mlangoni mbuzi wakasukumana kama watu wa sensa. Punda wa Ubah, muuza maji wa mtaani, akaja na mikokoteni miwili, ingawa amefungwa mmoja tu, na wa pili hakuna ajuaye ni wa nani mpaka leo. Na wote, sikiliza vizuri, wote walikuwa wameinamisha vichwa, wanaramba sakafu, wanatafuta kitu.

Mwalimu Makandi akaweka daftari chini.

"Njoo unywe ushibe," akasema. "Mwanamke anaambiwa hivyo wapi?"

"Ni chai," Abdub akasema. "Nilikuwa na maana ya chai."

"Waliotangulia wamekupisha. Wamempisha wapi? Kwa chai kuna foleni?"

"Kwetu tuko wengi."

Mwirigi alishaanza kucheka kwa mabega. Mwalimu hakucheka. Alimsogelea yule ngamia wa kwanza, akavaa miwani, akashika shingo yake kama anayekagua kucha za mwanafunzi, na kwa kidole akafuata ile chapa ya moto iliyokuwa chini ya sikio: mstari, na mstari mfupi unaoukata.

"Nimefundisha Garbatulla miaka kumi na minne," akasema. "Majina ya watoto nimesahau. Chapa za ngamia sijasahau hata moja, kwa maana wazazi walikuwa wanakuja na ngamia kabla ya kuja na mtoto. Hii ni ya ukoo wenu. Huyu ni wa kaka yako Kotile, kutoka Gotu. Nadanganya?"

Abdub akamtazama ngamia. Ngamia akamtazama Abdub. Walijuana tangu zamani. Huyu ndiye waliyemwita Chifu, kwa sababu akienda wote wanafuata, na akikataa hakuna mkutano. Siku hizo Abdub alikuwa kijana, amesimama ndani ya kisima cha baba yao, maji magotini, wanaume wanne juu yake mmoja juu ya mwingine, ndoo inapanda mkono kwa mkono. Na wimbo ndio ulioipandisha ndoo. Kila familia ina wake. Ukianza, mifugo ya familia hiyo inainua vichwa, inajua zamu yake imefika, inasogea kwenye hori, na ya watu wengine inabaki imesimama. Kisima kile kilishafukiwa na mchanga, siku hizi Kotile ananywesha kwa bomba la hapa mtaani, lakini nani alimwambia Chifu asahau?

"Na mbuzi?" Mwirigi akauliza. "Mbuzi pia ni wa Kotile?"

"Mbuzi ni mbuzi tu," Mwalimu akasema. "Wakiona ngamia wanakimbia wanadhani kuna kitu. Abdub, nakungoja."

Abdub akalilaza gitaa chini. Siri ikatoka mara moja, kama upepo wa pancha.

"Ni wimbo wa kisima. Ni wa baba. Na babake baba. Mimi sikutunga hata nukta."

"Alhamdulillahi," Mwalimu akasema, na yeye ni Mmethodisti. "Sasa sheria ya tatu, nisome?"

"Usisome."

"Wimbo uwe wa mwanachama mwenyewe, na atakayeleta wa mtu..."

"Mwalimu, toa jina langu. Andika ni wa kisima, andika ni wa marehemu, andika hata ni wa Chifu. Mimi sililii jina. Shida ni Sagal."

"Sagal amefanya nini?"

"Ameshona dira!" Abdub akasimama, akakaa tena. "Miaka kumi na tisa ananiuliza, hilo debe linanipigia kelele nyumbani, siku moja litasema jina langu? Nikatafuta maneno, wallahi nikatafuta. Nikiziba pancha natafuta, nikila natafuta. Hakuna. Kichwani hakuna kitu kizuri cha kumwita nacho mtu aje, ila hicho kimoja. Basi nikakichukua."

Hapo Mwirigi akaacha kucheka kidogo.

"Lakini maneno ulibadilisha," akasema. "Angalau maneno ni ya Sagal."

Abdub akaanza kukaza uzi ambao haukulegea.

"Baba Nimo," Mwalimu akasema, kwa ile sauti ya kuomba daftari la hesabu. "Ulibadilisha maneno gani?"

"Kwa Kiborana yako vilevile."

"Shingo ndefu?"

"Vilevile."

"Hatua pole? Unywe ushibe?"

"Vilevile, Mwalimu. Nimebadilisha moja."

"Lipi?"

"Jina. Pale palikuwa na jina la ngamia. Nimelitoa, nikaweka la Sagal."

Mwirigi akaanguka nyuma ya magunia, na ikasikika tu sauti kama ya mtu anayepiga chafya ndani ya pipa. Mwalimu akauma penseli.

"Basi Jumamosi," akasema, "mbele ya Wameru mia tatu na wageni wa kanisa, wewe utamwita mke wako kwa wimbo wa kunywesha ngamia, na ndugu zako wote watakuwa pale, na kila mmoja wao anaujua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Na yeye Sagal, amekulia wapi yule? Si kwa ngamia pia? Ukoo mwingine, sawa, lakini atauliza, na ataambiwa. Abdub, huyo mama lazima aambiwe leo. Na si mimi wa kumwambia."

"Mwirigi atamwambia."

"Mimi nafiwa na kofia, mniache," Mwirigi akasema kutoka chini.

"Nitamwambia mimi," Abdub akasema. "Nitamwambia hivi: Sagal, mke wangu, ule wimbo niliokutungia, kusema kweli nilikuwa..."

Mbuzi mlangoni wakagawanyika. Chifu akageuza shingo, akasogea upande kidogo, akapisha.

Sagal akaingia. Alikuwa amevaa dira ya Jumamosi, ya kijani, bado na pini begani, chupa ya chai mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, anahema kama aliyekuja mbio.

"Salaam aleikum. Nimesikia naitwa mpaka huko sokoni," akasema. "Nimekuja."