Chemchemi na Tumbo la Fahali

Namshukuru Mungu, aliyeyafanya maji kabla hajatufanya sisi, na aliyenivumilia hadi uzee huu nikayanywa yakiwa safi.

Miaka ya hamsini, kijijini kwetu Tarime, ng'ombe walikunywa kwanza. Ndiyo ilikuwa desturi. Waliingia chemchemini alfajiri, wakasimama humo humo, wakakojoa, wakaacha mavi yakielea, kisha ndipo mama zetu wakainama na vibuyu. Tuliyachuja maji kwa kitambaa, na kitambaa kikabaki na utelezi wa kijani unaonuka. Mama alikwisha kuzika watoto wawili kwa kuhara. Mdogo wangu wa mwisho naye alikuwa ameanza kuhara.

Basi wanaume wa kanisani wakalizungushia jicho la chemchemi mawe, wakatia bomba, na ng'ombe wakachimbiwa birika lao kule chini. Maji yalitoka meupe. Mama alilia kwa furaha.

Lakini kitu kipya hakitumiwi bila kubarikiwa, na babu yangu, baba yake baba, ndiye aliyekuwa mzee wa mila. Akachinja fahali, akapasua tumbo, akachota kwa mikono miwili majani yaliyosagika, ambayo kwetu ndiyo baraka, ya moto bado, yanatoa povu, akayatupa ndani ya yale mawe. Maji ya bomba yakageuka kijani. Inzi wakajaa. Wazee walifurahi, mimi nilitapika kichakani.

Mama hakuruhusiwa kusema na mkwe wake ana kwa ana. Alikinga kibuyu, akampa bibi, akageuza uso pembeni, akamwambia:

"Mama, mwambie baba anywe kwanza. Baraka ni yake."

Babu alikuwa amesimama pale pale, amesikia kila neno.

"Mwambie huyo mke wa mwanangu," akasema, "mimi nimeshiba nyama."

Bibi akacheka. "Nyama umeshiba, mzee, maji bado. Kunywa! Au unataka mjukuu wako akuonjee?"

Babu akakipeleka kibuyu mdomoni. Pua yake ikakunjamana. Akamwaga yote chini.

"Yaondoeni haya," akawafokea wanaume. "Pelekeni kwenye birika. Ng'ombe ndio wala majani."

Walisugua mawe hadi jua likazama. Mdogo wangu akanywa maji ya bomba, Mungu akamponya, na leo ana wajukuu.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie maji ambayo huna haja ya kuyanusa kabla ya kumpa mtoto.